Kabla hujaufuta ukuta, muulize amechora nini

Tulipozungumzia namna ya kuongea na binti anayeanza kupevuka, wengi wenu mliniambia jambo moja: "Shangazi, wangu haongei. Nikimuuliza ananijibu 'hamna kitu' halafu anaondoka." Nilikuwa nimeshaandaa majibu ya kawaida. Baadaye nikasafiri kwenda Ihanja, mkoani Singida, na huko binti wa kaka yangu akanifundisha jibu lingine. Nayasimulia haya kwa ruhusa yake na ya wazazi wake. Jina lake silitaji, na yeyote anayedhani amemtambua namwomba abaki nalo moyoni.

Ilikuwa mwezi Oktoba. Wenyeji wa Singida wanaujua Oktoba wa kwetu: mvua ya mwisho ilinyesha karibu na Mei, mpya haijafika, mashamba ya alizeti yamebaki mabua makavu, na vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Nilikwenda kwa ajili ya maandalizi ya harusi ya mtoto mkubwa wa kaka. Wifi yangu alikuwa ameipiga nyumba udongo mweupe kwa mikono yake mwenyewe, kuta zote nne, ili wageni wakija wasikute aibu.

Asubuhi ya siku ya pili niliamshwa na kelele. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, fimbo mkononi. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa amejikunyata kando ya tanuru la matofali. Ukuta mweupe wa upande ule, kuanzia chini hadi pale mkono wa mtoto unapofika, ulikuwa umejaa michoro ya mkaa.

"Mama yake amehangaika siku tatu," kaka alisema, "na huyu anakuja kuchafua. Hana kazi?"

Nilimwomba kaka anipe ile fimbo. Kwetu shangazi ana nafasi yake, na ndugu yangu hakubisha, ingawa alitema mate chini. Nikamwambia wifi asilete maji ya kufutia kwanza. Kisha nikachuchumaa mbele ya ukuta kama mtu anayesoma gazeti.

Upande wa kushoto palikuwa na visiki. Si miti, visiki, kimoja baada ya kingine, labda ishirini. Katikati palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mtu anachota kwa kikombe. Pembeni mwa shimo ndoo zilipanga foleni, na kila ndoo alikuwa ameichorea uso kana kwamba ni mtu aliyechoka kusubiri. Juu palikuwa na mwezi. Upande wa kulia, mbali kidogo na wenzao, palikuwa na pikipiki imewasha taa na mtu amekaa juu yake. Wengine wote walikuwa na macho na midomo. Huyu hakuwa na uso.

Bibi yetu, ambaye haoni vizuri siku hizi, aliletewa kigoda. Akauangalia ukuta kwa muda mrefu, akapapasa kwa kidole pale penye pikipiki, halafu akauliza swali ambalo sisi wenye macho mazima hatukuliuliza: "Mjukuu wangu, huyu ana taa na ana usafiri. Mbona amesimama? Anamsubiri nani?"

Mtoto hakujibu. Alilia.

Kilichokuwa ukutani

Jioni nilikaa naye jikoni, wawili tu, tukipepeta mtama. Sikumuuliza maswali makubwa. Nilimwambia tu anielekeze picha yake kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyoeleza somo darasani. Akaanza na visiki.

Zamani, alisema, kisima chao kilikuwa karibu na ile miti, na wakienda kuchota walikaa kivulini. Miti ikakatwa. Kisima kikakauka mapema zaidi kila mwaka, na sasa ikifika Agosti inabidi waende mbali, kwenye mchanga wa korongo, wachimbe na kusubiri maji yajikusanye. Ukichelewa unakuta foleni na maji ya tope. Kwa hiyo anatoka saa kumi usiku ili awahi, arudi, aoge, afike shuleni kabla ya kengele.

Halafu akafika kwenye pikipiki. Ni kijana anayejulikana pale. Mwanzoni alikuwa anamsaidia kubeba ndoo. Kisha akaanza kumpa hela ya sabuni. Kisha akamwambia anaweza kumpeleka na kumrudisha kila siku, asiteseke kwa miguu, ila asimwambie mtu. Alikuwa hajapanda. Lakini rafiki yake wa darasa la juu alipanda, na sasa rafiki huyo haendi tena shule, na watu hawasemi ni kwa nini.

"Kwa nini hukumwambia mama?" nilimuuliza.

"Nilimwambia sitaki kwenda kuchota maji alfajiri. Akasema mimi mvivu."

Msomaji, nilinyamaza. Wifi yangu si mama mbaya. Amelea watoto watano kwa jembe la mkono. Alisikia maneno ambayo kila mzazi huyasikia kila siku, akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu. Maneno aliyokuwa nayo yule mtoto yalikuwa machache na yote yalifanana na uvivu. Mkaa ulimpa maneno mengine.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zina mtoto anayechora: ukutani, kwenye daftari la hesabu, chini kwenye mchanga. Tunaita ni utundu. Pengine ni utundu kweli. Lakini mara nyingine ni barua, na sisi tunaifuta kabla ya kuisoma.

Majirani zetu wa Kolo

Jambo hili si geni katika nchi yetu, tena si geni katika ukanda wetu. Mashariki mwa Singida, wilayani Kondoa, kuna miamba ya Kolo. Eneo lile lina miamba zaidi ya 150 yenye michoro, na mwaka 2006 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani ya mkoa wa Singida kwenyewe miamba yenye michoro ipo pia, na pengine baadhi yenu mmekua mkichungia mbuzi chini yake.

Pale Kolo kuna picha moja maarufu ya watu watano. Katikati kuna mtu ambaye wengi humtambua kuwa mwanamke, na wengine wamemshika mikono kutoka pande zote mbili. Mtafiti Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na baadaye kuitolea kitabu mwaka 1983, aliiona kuwa ni picha ya mwanamke anayevutwa, wengine wakimteka na wengine wakimzuia asiende. Watafiti waliokuja baada yake wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya uponyaji, na anayeshikwa ni mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma. Mabishano hayajaisha.

Nilipoukumbuka mchoro ule nikiwa Ihanja, mwili ulinisisimka. Mwanamke anashikwa mikono na watu wa pande mbili, na wasomi wa dunia nzima hawawezi kukubaliana kama alikuwa anaokolewa, anatekwa au anatibiwa. Kwa nini? Kwa sababu aliyechora ameshakufa siku nyingi na hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Mchoraji wa nyumbani kwako yupo hai. Ana njaa, anasubiri ugali. Unaweza kumuuliza leo.

Kuna jambo la pili la Kolo. Wenyeji wa pale wameendelea hadi nyakati zetu kupanda kwenye mwamba wa Mongomi wa Kolo kufanya matambiko, likiwemo la kuomba mvua. Kwa hiyo mwamba wenye picha ndio huohuo ambao watu walipeleka shida yao ya ukame. Na bado ardhi ya Kondoa iliharibika. Mifugo ilizidi, miti ikakatwa, makorongo yakachimbika hadi yakameza mashamba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wanaujua kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ya Kondoa. Wafugaji waliumia sana. Lakini majani yalirudi, na miti ikarudi.

Nasema hivi ili tusidanganyane. Picha haileti mvua, na haifukuzi mtu mbaya barabarani. Kazi yake ni kutuonyesha pale panapouma. Baada ya hapo kazi inabaki kwa wenye miguu na mikono.

Mchoraji aliyeulizwa

Kwa upande mwingine wa ziwa Tanganyika kuna kisa kinachonipa moyo. Mjini Lubumbashi, nchini Kongo, miaka ya 1970 alikuwepo kijana mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa mwaka 1947. Alikuwa fundi wa kuuza picha ndogondogo kwa watu wa kawaida, akichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Lakini moyoni alitaka kuchora historia nzima ya nchi yake: kuja kwa wakoloni, wachimba migodi waliopigwa risasi katika mgomo wa mwaka 1941, kukamatwa na kuuawa kwa Patrice Lumumba, vita vya kujitenga kwa Katanga. Ulikuwa wakati wa utawala wa Mobutu, na mambo mengi hayakusemwa kwa mdomo.

Kati ya mwaka 1973 na 1974 alikutana na mwalimu wa chuo kikuu cha pale, Johannes Fabian. Huyu hakununua picha tu na kuondoka. Alimkalisha Tshibumba, akamuuliza juu ya kila picha, na mazungumzo yakarekodiwa. Walizungumza Kiswahili, kile cha Katanga. Picha zilizidi mia moja, na mwaka 1996 zikatoka katika kitabu pamoja na maneno ya mchoraji mwenyewe. Tshibumba hakukiona. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakusikika tena, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika aliishia wapi. Lakini kwa kuwa aliulizwa akiwa hai, leo hatuhitaji kubishana kuhusu alichokuwa anasema.

Ndiyo tofauti kati ya Kolo na Lubumbashi. Kote kuna picha. Kwa mmoja alikuwepo mtu wa kuuliza.

Kaka na gunia la mkaa

Turudi Ihanja, maana najua mnataka kujua iliishaje. Usiku ule nilimweleza kaka na wifi, mtoto akiwa amelala. Wifi alishika kichwa. Kaka alitaka kutoka na panga saa ileile, na ilibidi bibi amwambie kwa sauti ya chini: "Ukimkata huyo utakwenda jela, na mwanangu huyu ataendelea kwenda korongoni peke yake." Akakaa.

Kisha likaja jambo gumu zaidi. Mkaa aliochorea mtoto ulitoka kwenye magunia yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Magunia yale ni ya kaka. Alizeti ikikosa mvua au bei ikianguka, yeye huingia porini na shoka, na mkaa ndio unaolipa michango ya shule, dawa za bibi na sasa harusi. Vile visiki upande wa kushoto wa picha, kaka alivijua kimoja kimoja. Vingine alivikata mwenyewe.

"Sasa mnataka tule nini?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu haraka, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Ni rahisi kwangu mimi ninayepikia gesi mjini kumlaumu mchoma mkaa, huku jirani zangu wakiununua mkaa huohuo kila jioni.

Tuliamua machache yaliyo ndani ya uwezo. La kwanza, kuanzia kesho yake kaka angekwenda mwenyewe kuchota maji kwa baiskeli, madumu manne kwa mara moja. Wanaume wenzake walimcheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mmoja wao alimwazima pampu ya baiskeli, na wiki iliyofuata walikuwa watatu njiani. La pili, akina mama wa jirani walikubaliana kwamba mtoto yeyote anayelazimika kwenda asiende peke yake wala kabla ya mwanga. La tatu, kaka na wifi walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji kutoa taarifa juu ya yule kijana. Familia ya yule msichana mwingine iliogopa mwanzoni, kisha nayo ikaenda. Hatua za kisheria zinaendelea, na sitasema zaidi.

La nne linahusu visiki. Kisiki cha mti wetu wa asili si maiti. Mizizi ikiwa hai, mvua ikinyesha kinachipua. Tatizo ni kwamba machipukizi huwa mengi mno, mbuzi wanayala, na hayakui. Unachagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, unakata mengine, unaweka alama watu wajue panatunzwa, na unazuia mifugo. Hakuna mbegu ya kununua wala kumwagilia. Njia hii imeenea sana Dodoma kwa jina la kisiki hai. Kaka alianza na vile vya kwenye shamba lake. Mkaa hajauacha, nisije nikawapamba ndugu zangu. Alichoacha ni kukata upande ule wa kisima.

Nilipoondoka ukuta ulikuwa bado haujafutwa. Wifi alisema wageni wa harusi wakiuliza ataeleza. Sikuamini, lakini nimeambiwa kwa simu kwamba wageni walikuja, waliuliza, na bibi ndiye aliyewaeleza, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, kutoka kushoto kwenda kulia.

Tufanye nini majumbani

Kwa wale walioniuliza kuhusu watoto wasioongea, haya ndiyo majibu yangu.

Mpe mtoto kitu cha kuchorea. Si lazima rangi za dukani. Mkaa, udongo mwekundu, udongo mweupe, upande wa pili wa karatasi iliyotumika, vyote vinafaa. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na jina lake limebaki kuwa jina la uchoraji wa nchi nzima. Kama hutaki ukuta wako uchafuliwe, mtengee ukuta mmoja wa nyuma na umwambie huo ni wake.

Ukiona mchoro, usianze na "umechora vizuri" wala "umechora vibaya". Usimwulize pia "huyu ni nani?" kwa sauti ya polisi. Mwambie, "Nielekeze picha yako." Kisha nyamaza. Mtoto akisimama mahali fulani, msubiri.

Usiijaze picha maana kutoka kichwani mwako. Pikipiki nyingi zinazochorwa na watoto ni pikipiki tu. Mtoto akichora moto au jitu lenye meno, huenda amesimuliwa hadithi. Picha si ushahidi wa mahakamani. Ni mlango wa kuanzia mazungumzo.

Ukigundua jambo zito, usimpige mtoto na usilimalize kifamilia kwa mbuzi na sukari. Sheria zetu ni kali kwa anayemharibu mwanafunzi; tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Toa taarifa ofisi ya kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure.

Na mwisho, mtoto akishakuonyesha panapouma, fanya kitu anachoweza kukiona kwa macho yake, hata kiwe kidogo. Baiskeli na madumu manne vilimwambia yule binti kwamba amesikika kuliko ningeweza kumwambia mimi kwa maneno. Mtoto akichora mara moja na asione kilichobadilika, mara ya pili hatachora. Atajibu tu "hamna kitu".

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Watoto wetu mara nyingi hawafichi. Wameyaweka ukutani, na sisi tunakwenda kutafuta ndoo na kitambaa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.